Mgeni akiwa na mafua: kulinda mgonjwa wa nyumbani bila kufungia mtu mlango

Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika nyumba yenye mtu wa sukari, tansion, asma ao virusi vya UKIMWI, mgeni anaweza kuingia na kikohozi kidogo tu, akaondoka kesho yake, na mwenyeji akabaki kitandani wiki mbili. Hakuna aliyetaka mabaya. Mgeni alikuja kusalimia mgonjwa, na mgonjwa alimpokea kwa mkono kama desturi inavyotaka. Virusi vilipita hapo hapo.

Katika teritware za Masisi na Walikale jambo hili ni zito zaidi, juu nyumba zimejaa. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Masisi-centre, kisha Sake na Goma. Mwezi wa pili, kambi zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa na maelfu ya watu wakarudi vijijini Masisi, wengine wakikuta nyumba zao zimebomoka. Mwezi wa tatu mapigano yalifika Walikale-centre, na watu wakakimbilia msituni, kwa jamaa, na hata ndani ya hopitali. Wengi wa waliohama hawalali kambini. Wanalala kwa ndugu, kwa shemeji, kwa mtu wa kanisa moja. Chumba kilichozoea watu 4 sasa kinaweza kulaza 10.

Katika hali hiyo, kumwambia mgonjwa "usipokee wageni" ni maneno ya bure. Swali la kweli ni lingine: mgeni apokewe namna gani ili mgonjwa asiambukizwe?

Mafua yanatoka wapi?

Wengi wanasema mafua yanaletwa na baridi, mvua ao vumbi ya barabara. Kama ingekuwa baridi peke yake, watu wa milima ya Masisi wangekuwa na mafua mwaka mzima, na watu wa Walikale, kule chini msituni kwenye joto, wasingeyajua kabisa. Kumbe mafua yako pande zote mbili. Yanaletwa na virusi, na kuna aina zaidi ya 200 za virusi vinavyoweza kuyaleta. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuugua mafua mara nyingi kwa mwaka, na ndiyo maana hakuna chanjo moja ya kuyamaliza yote.

Baridi ina kazi yake, lakini ni kazi nyingine. Huko juu, ukungu ukishuka jioni, watu wanafunga mlango na dirisha, wanajikusanya kando ya mbabula. Hewa haitoki tena. Mmoja akikohoa, wote wanavuta hewa ile ile. Walikale, mvua ya siku nzima inafanya vile vile: inafungia watu ndani. Moshi wa kuni nao unachubua njia za pumzi na kuzifanya dhaifu mbele ya virusi. Na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari ya peke yake: hewa yake mbaya inaweza kuua hata mtu mwenye afya akiwa usingizini.

Virusi vya mafua vinapita kwa njia tatu. Ya kwanza ni matone yanayoruka mtu akikohoa, akipiga chafya ao akiongea karibu sana. Ya pili ni hewa ya chumba kisichopitisha upepo. Ya tatu, ambayo watu wanaisahau, ni mikono: mgeni anapangusa pua, anasalimia mgonjwa, mgonjwa anajigusa jicho ao pua. Vikombe, simu na kitasa cha mlango vinaweza kubeba virusi kwa saa kadhaa.

Tena kuna jambo moja la kushika vizuri. Mafua ya kawaida yanaanza kusikika kati ya siku 1 na 3 baada ya kuambukizwa. Kwa mafua makali, yale yanayoitwa influenza, mtu anaweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla ya kusikia dalili yoyote, na kuendelea siku 5 hadi 7 baadaye. Maana yake, mgeni anayeonekana mzima anaweza kuwa tayari amebeba ugonjwa. Kuchagua tu wale wanaokohoa hakutoshi.

Kwa nini mafua madogo yanakuwa makubwa?

Mtu mwenye afya anaugua mafua siku chache na anarudi shambani. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu, mambo yanaweza kwenda tofauti.

Mwenye sukari: mwili ukipigana na maambukizo, sukari katika damu inapanda, hata kama mtu anakula kidogo. Akiacha dawa ao insulini juu hana hamu ya bugali, anaweza kuanguka.

Mwenye asma: virusi vya mafua ni kati ya mambo yanayoamsha asma mara nyingi zaidi. Kikohozi cha asubuhi kinaweza kuwa kukosa pumzi usiku.

Mwenye ugonjwa wa moyo ao tansion: homa na kikohozi vinalazimisha moyo kufanya kazi ya ziada.

Mwenye virusi vya UKIMWI: anayekunywa dawa zake kila siku bila kuruka ana kinga nzuri zaidi. Lakini aliyekatiza dawa juu ya kukimbia vita, mapafu yake yanashambuliwa kwa urahisi.

Mtoto wa SS, yaani ugonjwa wa selimundu: homa, baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kuleta maumivu makali ya mifupa na kuishiwa damu.

Wazee, wamama wenye mimba na watoto wenye utapiamlo nao wako katika kundi hili, hata kama hawana ugonjwa mwingine.

Kongo ilipata somo la wazi mwishoni mwa 2024. Katika eneo la afya la Panzi, jimbo la Kwango, watu, hasa watoto wa chini ya miaka 5, walianza kufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua jina. Dunia nzima iliogopa virusi vipya. Vipimo vilipotoka, havikuonyesha kitu kipya. Ilikuwa malaria pamoja na virusi vya kawaida vya mafua na vya njia ya pumzi, vikiingia katika miili iliyokuwa tayari imechoshwa na utapiamlo. Virusi ambavyo kwa mtu mzima mwenye nguvu ni pua kutiririka siku tatu, kwa mwili dhaifu vilikuwa kaburi.

Masisi na Walikale kuna jambo lingine la kuongeza: barabara. Mgonjwa akizidiwa usiku, njia ya kufika hopitali inaweza kuwa imefungwa na mapigano, imekatwa na matope, ao pikipiki ikaogopa kutoka. Kuzuia mafua nyumbani ni rahisi kuliko kubeba mtu kwa tipoyi kushuka mlima.

Kanuni moja kwa wageni wote

Shida kubwa ya familia nyingi si kujua la kufanya. Ni haya. Nani atamwambia mkwe asiingie? Nani atamnyima mchungaji mkono? Tena, mtu mwenye virusi vya UKIMWI hawezi kueleza kila mgeni kwa nini anajilinda, bila kutoa siri yake.

Njia inayosaidia ni kufanya kinga iwe sheria ya nyumba, kwa mtu yeyote anayefika, anayekohoa na asiyekohoa, mkubwa na mdogo. Kinachofanyiwa wote hakimwaibishi mmoja, na hakifunui ugonjwa wa mtu. Watu wa Kivu ya Kaskazini wanajua jambo hili. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, na tena wakati wa korona, watu walinawa mikono kwenye mlango wa kanisa, wa soko na wa hopitali, na wengi hawakuona wametukanwa.

Sheria hiyo inaweza kuwa na mambo matano.

Kwanza, maji na sabuni kwenye mlango. Bidoni ya lita 5 iliyotobolewa tundu dogo na kuzibwa na kijiti inatosha. Mtu anawe kwa sabuni angalau sekunde 20, kati ya vidole pia. Sabuni ikikosekana, majivu safi ya jikoni yanasaidia, ingawa si kama sabuni.

Pili, maongezi yawe inje. Weka viti ao benchi barazani, chini ya mti ao chini ya mabati ya nyumba. Hewa ya inje inatawanya virusi haraka. Mvua ikinyesha, mlango na dirisha vibaki wazi, mgonjwa ajifunike blanketi na akae upande ambapo upepo unaingilia, wageni upande ambapo unatokea.

Tatu, nafasi. Kati ya mgonjwa na wageni kuwe na mita 1 hadi 2. Wasiingie watu wengi kwa mara moja, na wasikae saa nyingi. Wageni watatu wa nusu saa ni bora kuliko kumi wa mchana mzima.

Nne, salamu bila kugusana. Desturi ya kugusana vichwa ni nzuri, lakini pua na mdomo vinakaribiana sana. Mkono juu ya kifua na kuinama kidogo ni heshima tosha, hata mbele ya mzee.

Tano, kila mtu na chombo chake. Mgonjwa awe na kikombe, sahani na kitambaa chake. Kikombe kimoja cha kasiksi kisizunguke mpaka kwake, na mikono mingi isiingie katika bugali yake.

Barakoa, ile ambayo wengi walizoea kuita kashene wakati wa korona, inasaidia sana ikivaliwa na anayekohoa. Ikikosekana, akohoe ndani ya kiwiko cha mkono ao katika kitambaa, si katika kiganja.

Kusema bila kuumiza

Maneno yakisemwa vizuri, mgeni anarudi nyumbani na furaha. Ni vizuri mgonjwa mwenyewe asiwe ndiye anayesema. Mtoto mkubwa wa nyumba, mke, mume ao dada anaweza kubeba kazi hiyo. Na asianze na katazo, aanze na karibu:

"Karibu sana Mama. Nawa kwanza mikono hapo, sisi wote hapa tunanawa. Viti viko inje, mzee naye anakuja kukaa na sisi."

Kama mgeni anakohoa waziwazi:

"Shemeji, asante kufika. Nasikia kikohozi yako iko mingi. Tukae hapa inje, nitamwita mzee akusalimie pale kwenye mlango. Ukipona utarudia, mutaongea muzuri."

Kazi si ya mwenyeji peke yake. Kutembelea mgonjwa ni jambo la Mungu na la watu, lakini mwenye mafua anamsaidia mgonjwa zaidi akibaki kwake siku chache. Anaweza kutuma ndizi, makala ao kidumu cha maji kwa mtoto asiyeumwa, na ujumbe kwa simu: "Nilikuwa ninakuja, lakini niko na mafua. Nikipona nitafika." Hapo hajamsahau mgonjwa, amemlinda. Hata wachungaji, wamama wa vikundi vya maombi na wakubwa wa vijiji wakisema neno hilo mbele ya watu, linakuwa rahisi kwa wote.

Mgeni akiwa analala humo humo

Kwa familia zilizopokea waliohama, mgeni hatoki jioni. Chukua mfano wa mama mwenye sukari aliyepokea familia ya dada yake, watoto watano, wawili wakiwa na mafua. Nyumba ni ya vyumba viwili. Hawezi kuhama, wala hawezi kuwafukuza.

Bado kuna mengi ya kufanya. Yeye alale katika chumba chenye watu wachache, karibu na dirisha. Wanaokohoa walale chumba kingine. Chumba kikiwa kimoja, mkeka wake uwekwe mbali nao, na vichwa visielekeane: mmoja aweke kichwa upande huu, mwingine upande ule. Mchana, milango ifunguliwe na mikeka na mablanketi yaanikwe juani. Kupika kufanyike inje ao jikoni penye hewa, si ndani ya chumba cha kulala. Mtu asiyeumwa ndiye amhudumie. Watoto wafundishwe kunawa mikono baada ya kupangusa pua, na bibi mgonjwa asiwe ndiye anayewapangusa.

Chanjo za watoto nazo zinalinda nyumba nzima. Kati ya chanjo za kawaida zinazotolewa katika vituo vya afya, kuna zinazozuia vijidudu vya nimonia, na iko ya surua. Mtoto aliyekatiza chanjo juu ya kukimbia apelekwe kituo chochote cha karibu. Anaweza kuendelea pale alipofikia.

Mafua yakishaingia

Hakuna dawa inayoua virusi vya mafua ya kawaida. Mwili wenyewe unavishinda. Kazi ni kuusaidia: kupumzika, kunywa maji mengi, kula hata kidogo kidogo, na kuendelea na dawa zote za ugonjwa wa kudumu bila kuruka. Mgonjwa wa moyo ao wa figo aliyeambiwa na muganga apunguze maji afuate neno hilo.

Parasetamole inashusha homa na maumivu. Mtu mzima anaweza kunywa vidonge 1 ao 2 vya miligramu 500, akingoja saa 6 kabla ya kurudia, bila kupita vidonge 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza muganga.

Tangawizi na ndimu katika maji ya moto vinatuliza koo, lakini haviui virusi. Asali pia inatuliza, ila kwa mwenye sukari asali ni sukari, na mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi kabisa.

Hatari kubwa iko katika dawa za kununua ovyo sokoni. Amoksisilini na antibiotiki nyingine haziponyeshi virusi. Deksametazone na prednizolone zinapandisha sukari. Asinywe mtu ambaye hakuandikiwa na muganga. Ibuprofene na diklofenake zinaweza kupandisha tansion na kuumiza figo. Vidonge vingine vya kufungua pua navyo vinapandisha tansion. Kabla ya kununua, taja ugonjwa wako kwa muuza dawa.

Mwenye asma awe na pompe yake karibu usiku na mchana. Kujifukiza na maji yanayochemka si dawa ya asma, na kumeunguza watoto wengi.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mgonjwa asingoje akiona moja ya dalili hizi: kukosa pumzi ao kupumua haraka sana, maumivu ya kifua, midomo kuwa ya bluu, kukohoa damu, kuchanganyikiwa ao kulala bila kuamka vizuri, kushindwa kunywa ao kutapika kila kitu. Kwa mtoto, kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi ni hatari ya haraka. Kwa mtoto wa SS, homa yoyote ni safari ya kituo siku hiyo hiyo.

Na si kila kikohozi ni mafua. Homa Masisi ao Walikale ipimwe malaria kwanza. Kipimo cha haraka kiko katika vituo vingi. Mtoto mwenye homa, kikohozi na macho mekundu anaweza kuwa anaanza surua, hata kabla vipele havijatoka. Na mgeni anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayekonda na kutoka jasho usiku, asiambiwe "ni mafua tu". Apelekwe kupimwa makohozi, juu inaweza kuwa kifua kikuu. Hilo ni jambo la kuokoa mgeni mwenyewe pamoja na mgonjwa wa nyumba.

Kwa sababu barabara hazina uhakika, kila mwenye ugonjwa wa kudumu ajipange mapema. Amuulize muganga kama anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Dawa na karatasi zake za matibabu zikae katika mfuko mmoja wa plastiki, fasi ambapo mkono unafika haraka siku ya kukimbia. Ajue pia kituo cha pili cha karibu, kama kile cha kwanza kimefungwa, na njia ya kufika hopitali kuu ya eneo lake, iwe Masisi, Mweso, Kirotshe, Pinga ao Walikale. Reko wa kijiji, mjumbe wa afya, ndiye wa kwanza kuulizwa ni kituo gani kinafanya kazi wiki hii.

Bidoni moja yenye tundu, kipande cha sabuni na benchi inje: nyumba nyingi zinaweza kupata hivyo leo, na mgeni ataendelea kuambiwa karibu.